Makosa ya Singida Hubaki Singida

Jumapili, 2 Machi 2025

Jana nilipata ajali. Naandika kwa utulivu, maana mtu mwenye bima kubwa hana sababu ya kutetemeka.

Tulikuwa tunarudi Nambis kutoka mnadani Katesh. Mvua. Matope. Kwenye kona kabla ya Dongobesh Noah yangu iliteleza, ikalala ubavu mtaroni. Vitunguu saumu vilimwagika vyote. Abiria walitokea madirishani wakinitukana, na baadhi yao walikuwa hawajalipa nauli. Gaudensia, mke wangu, alikuwa kiti cha mbele. Mlango ulimbana. Muundi umevunjika mahali pawili.

Iandikwe hapa kwamba mwendo wangu ulikuwa wa kawaida. Yaani kawaida yangu.

Hospitali ya Mbulu wamemfunga plasta ya POP kwa muda. Daktari amesema anatakiwa kuwekewa vyuma hospitali kubwa, na iwe mapema, kabla mfupa haujaanza kujiunga ovyo. Nikamwambia asihangaike, bima italipa. Akauliza ni bima ya afya? Nikamweleza kwamba ya afya sikukata. Ninayo ya gari, kubwa, inayomhudumia mpaka abiria. Nyumba moja bima mbili ni ubadhirifu. Daktari aliweka kalamu chini. Nadhani hakuwa amewahi kukutana na hesabu kama hiyo.

Shemeji Agustino, kaka yake Gaudensia, alifika na pikipiki yake akiwa ameloa. Hata pole hakunipa. Alisema niuze dume langu la ng'ombe, mgonjwa aende hospitali kubwa wiki hiihii.

Dume lenyewe ni Mkurugenzi. Nililibandika jina hilo kwa sababu ya tumbo lake na namna linavyowatazama wengine. Nalinenepesha kwa ajili ya mnada wa Krismasi, na hapa Nambis hakuna dume linalolifikia. Nikamwambia Agustino kwamba mtu hauzi dume wakati bima ipo. Agustino ni mtu wa pikipiki moja na risiti nyingi. Akikamatwa na trafiki hulipa palepale, halafu anaitunza ile risiti kama cheti cha ndoa. Sina cha kujifunza kwake.

Jumatatu, 3 Machi

Nimekwenda Mbulu mjini kwa Nicodemo, wakala wa bima, mwenye kibanda upande wa chini wa soko. Amepokea madai yangu vizuri. Ameuliza jambo moja tu: wakati wa kukata bima nilijaza kwamba gari halijawahi kuwa na makosa ya barabarani. Je, bado ni kweli? Nikasema ni kweli kabisa.

Na ni kweli. Katika mkoa huu wa Manyara sina kosa hata moja.

Nieleze, kwa ajili ya wajukuu watakaosoma. Mwaka jana mwezi wa Agosti nilipeleka vitunguu saumu Singida, Manyoni mpaka Dodoma. Trafiki wa huko wana chuki na watu wa milimani. Wanajificha kwenye vichaka na tochi zao za kupima mwendo. Meseji za faini zikaanza kuingia kwenye simu mfululizo. Nikabadili laini, meseji zikaisha.

Sikufanya hivyo kwa ujinga. Babu yangu alinifundisha. Zamani ugonjwa ukiingia katika nchi yetu, wazee waliufukuza kwa dawa na moshi mpaka mpakani, wakauacha ng'ambo, ukawa wa watu wa ng'ambo. Hawakugeuka nyuma. Mabaya yana mpaka. Ikiwa tauni iliheshimu mpaka, faini ni nani?

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Gaudensia amerudi nyumbani kusubiri bima. Padri ametuhimiza kila mmoja aache jambo moja kwa Kwaresima. Nimeahidi kuacha uongo. Nitaanza madai ya bima yakishalipwa, ili nisichanganye mambo.

Jirani yetu Marieta amekuja kumwogesha mgonjwa na kumletea uji. Mwanamke mwema, ila anaongea. Ameuliza tunaondoka lini kwenda hospitali kubwa. Nimemwambia mchakato unaendelea.

Jumatatu, 10 Machi

Balaa. Nicodemo amepiga simu. Sauti ya leo haikuwa ya mtu aliyeuza bima, ilikuwa ya mtu aliyeuziwa.

Makao makuu ya kampuni wameingiza namba ya Noah kwenye kompyuta na kila kitu kimetoka. Mwendokasi Singida. Mwendokasi Singida tena. Kuovateki penye mstari usioruhusu, Manyoni. Kuzidisha abiria, Dodoma. Yote hayajalipwa.

Nikamwambia hiyo ni mikoa mingine. Akasema gari ni lilelile.

Nikamwambia mimi ni dereva wa Mbulu, siwezi kuhukumiwa kwa barabara za watu. Akasema namba ya gari ni moja nchi nzima, na fomu iliuliza makosa ya popote, na mimi nikajibu hakuna, na kwa jibu hilo nikapewa bei ya dereva msafi. Sasa kampuni inajiona ilimkatia bima mtu ambaye hayupo. Bila maelezo ya maana hawalipi gari wala hospitali. Na mwakani bei yangu itapanda, kama atapatikana wa kunikatia.

Halafu, nadhani kwa huruma, akauliza kama labda mwezi ule gari lilikuwa mikononi mwa dereva mwingine.

Swali zuri sana. Nimemwambia nitamjibu.

Jumanne, 11 Machi

Nimekaa zizini na Mkurugenzi kutwa nzima nikitafuta dereva. Agustino angefaa, lakini yuko hai na ana mdomo. Anatakiwa mtu asiyeweza kukana, asiyeweza kutafutwa na trafiki, na mwenye sifa ya upole ili watu wasimchukie.

Yonas!

Yonas wa Jorodom, pale Katesh. Mchunga ng'ombe, wa ukoo wa kina Gidabuday. Alikuwa akipanda Noah yangu siku za mnada, na kila nikikata kona alishika kiti kwa mikono miwili na kufumba macho. Tope lililoporomoka kutoka Mlima Hanang lilimchukua Desemba ile ya maafa. Nilikwenda kuzika. Nililia kweli, na si kwa sababu wengine walikuwa wanalia. Kwa hiyo mtu asiseme simheshimu marehemu. Ninamhesabu bado kuwa rafiki, na rafiki husaidia.

Alhamisi, 13 Machi

Nimesaini maelezo kwa Nicodemo. Kwamba mwezi wa Agosti mwaka jana gari liliendeshwa na marehemu Yonas, kijana mpenda mwendo, na mimi nilikuwa shambani nikimwamini. Nicodemo aliuliza leseni ya huyo dereva iko wapi. Nikasema ilikwenda na tope pamoja na mwenyewe. Akatazama paa la kibanda chake, akatuma.

Njiani nilijisikia mwepesi. Uongo juu ya marehemu haumdhuru mtu.

Jumatatu, 17 Machi

Leo Gaudensia ameniita. Kwa sauti ndogo amesema: "Baba Lucia, uza dume."

Nikakaa kitandani nikamweleza kwa utaratibu. Dume likiuzwa sasa hivi ni hasara, bima ikija baadaye tutakuwa tumelipa mara mbili, na kampuni itatucheka. Alinisikiliza. Sijui kama alielewa. Vidole vya mguu uliovunjika vinatazama dirishani, yeye anatazama dari. Marieta anasema mguu hauko sawa. Nimemkumbusha Marieta kwamba hajasomea udaktari.

Mchana Agustino akaleta mnunuzi! Bila taarifa! Mchinjaji kutoka Mbulu mjini, na kamba mkononi. Akalizunguka Mkurugenzi akilipapasa mgongo na kutaja bei ambayo, nakiri, haikuwa ya kitoto. Ikabidi nitumie akili. Nikamvuta pembeni nikamnong'oneza kwamba dume linakohoa damu na mwenzake alikufa mwezi uliopita. Mchinjaji akafuta mikono kwenye suruali na kuondoka haraka. Agustino alinitazama namna ambayo sikuipenda.

Dirisha la chumba cha mgonjwa lilikuwa wazi. Nilipoingia, Gaudensia alikuwa amegeukia ukutani. Hajaniomba tena. Ningependa aniombe, ili nimweleze tena.

Alhamisi, 20 Machi

Siku mbaya. Kampuni imemtuma mkaguzi Katesh. Nicodemo amenisimulia polepole, kama mtu anayesoma hukumu.

Mkaguzi, binti mmoja mwenye kishikwambi, alifika Jorodom akauliza nyumba ya dereva Yonas. Watu wakashangaa, dereva gani? Wakamfikisha kwa Monica, mjane. Akamuuliza kama ni kweli marehemu alikuwa akikimbiza gari huko Singida mwezi wa Agosti mwaka jana. Monica akajibu kwamba mwezi wa Agosti mwaka jana mume wake alikuwa kaburini tangu Desemba ya mwaka wa nyuma yake.

Tarehe! Nilisahau tarehe. Kosa dogo la kalenda, ambalo kila mtu anaweza kulifanya.

Monica akaongeza kwamba hajawahi kumwona mume wake akiendesha kitu chochote chenye magurudumu, alichokuwa akiendesha ni ng'ombe. Ingeishia hapo isingekuwa na neno. Lakini yule binti, kwa kukamilisha maswali yake, akauliza kama marehemu aliacha mali yoyote, maana kuna faini za serikali. Monica ana watoto wa kiume wadogo na ng'ombe wachache waliobaki baada ya tope. Akaelewa kwamba serikali inakuja kuchukua ng'ombe wa yatima. Akapiga yowe, wanawake wa jirani wakatoka.

Nicodemo anasema faili limefungwa, amebaki kusubiri barua. Nikamwomba aandike kwamba nilichanganya Yonas wawili. Akakata simu.

Jumamosi, 22 Machi

Amenipigia Gidabuday, kaka yake marehemu. Nilimwamkia, shikamoo kaka. Aliitikia marahaba ya baridi. Akasema hana ugomvi na mimi, kesi si yake. Akina mama wamekaa.

Asiyejua Hanang atauliza wamekaa wapi. Kwa kabila la kina Gidabuday, mwanamume akimkosea mwanamke, na hasa mjane, wanawake wanakutana wenyewe porini, wanatoa hukumu wenyewe, na hakuna mzee wa kiume anayeibatilisha. Faini yao ni dume jeusi. Anayekataa wanamlaani. Gidabuday amesema wananiita Katesh Jumatatu, na kwamba angekuwa mimi angekwenda.

Nimecheka kidogo baada ya kukata simu. Hanang ni wilaya nyingine. Mimi ni Mwiraqw wa Nambis, Mkatoliki, niko juu ya mlima. Wito wao utaishia mpakani. Isitoshe Mkurugenzi si mweusi, ni mwekundu.

Jumanne, 25 Machi

Jana sikwenda Katesh. Hakuna kilichotokea. Hivyo ndivyo mambo yanavyotakiwa kushughulikiwa.

Isipokuwa Marieta hajaja. Nilikwenda kumuuliza, akaongea nami akiwa ndani, mlango umefungwa. Habari imeshafika. Amesema anampenda Gaudensia kama dada yake, lakini ana watoto. Hapa kwetu mtu mwenye laana hachangii moto na majirani, wala ng'ombe wake hawachungwi na wa wenzake, mpaka jambo limalizike. Kisimani wanawake walisubiri nimalize kuchota, wakamwaga maji ya kwanza baada yangu.

Nimepika uji mwenyewe. Uliungua. Gaudensia aliunywa wote. Nilimwogesha pia. Sikujua kwamba amekonda hivyo. Niliona mabega yake nikaogopa, nikaenda nje nikasimama zizini mpaka hofu ikapungua.

Alhamisi, 27 Machi

Wamekuja.

Lori aina ya Fuso lilisimama barabarani asubuhi, nikadhani ni wanunuzi wa vitunguu. Wakashuka wanawake. Wakaendelea kushuka. Wengine wamevaa sketi zao za ngozi zenye shanga, wengine vitenge na rozari shingoni, kila mmoja na fimbo yake. Wakaingia uani kwangu wakaketi. Wakaanza kuimba. Si wimbo wa fujo. Wa chini, unaorudia palepale, na hawakuwa wananiangalia.

Gidabuday alibaki barabarani, mwanamume haingii kwenye shauri hilo, alikuja kwa kutafsiri tu. Mbele alikaa bibi mmoja mwenye fimbo iliyong'aa kwa kushikwa. Nikamsogelea kwa adabu zote nikasema shikamoo mama. Hakuitikia. Nikarudia. Akatazama Mlima Hanang. Katika maisha yangu sijawahi kumwamkia mzee na shikamoo yangu ikabaki hewani.

Hukumu ilipitia kwa Gidabuday, kwa sauti ya juu kutoka barabarani, majirani wote wakisikia. Kwamba nimemtuma maiti kazi. Nimemtia mjane hofu juu ya ng'ombe wa watoto wake. Dume moja, leo.

Nikatoa utetezi wangu. Kwamba mila inasema dume jeusi na mimi ninalo jekundu, kwa hiyo kisheria sina cha kutoa. Bibi akatuma wanawake wawili zizini. Wakarudi wakasema kweli ni jekundu, litafaa.

Nikaomba wiki mbili. Wakasema wamekuja na chakula.

Nikaeleza habari ya mipaka ya wilaya. Hapo wengine walicheka. Bibi hakucheka. Ndipo mzee Akonaay, kiongozi wa ukoo wetu, akatuma mtu kuniambia nimalize jambo hili kabla ya jua kuzama, kwa sababu laana ya akina mama haiulizi wilaya, na yeye ana wajukuu hapa. Babu yangu na mzee Akonaay walifukuza magonjwa pamoja. Sikutegemea kwamba angeniacha.

Nililifungua Mkurugenzi mwenyewe. Lilinifuata kwa kuniamini mpaka kwenye Fuso.

Walikuwa wameanza kuinuka Monica aliposimama. Mwanamke mrefu, mwembamba, sauti ya taratibu. Akauliza mama wa nyumba hii yuko wapi, mbona hajatoka hata kuwaona wageni. Nikasema amepumzika. Wakati huohuo Gaudensia akagumia ndani kwa maumivu. Monica akaingia bila kunitazama. Alikaa sana. Alipotoka aliongea na bibi kwa lugha yao, kwa muda mrefu, na kichwa cha bibi kikawa kinashuka.

Halafu nikaona godoro langu linatoka mlangoni. Wanawake wamelishika kona zote, na Gaudensia yuko juu yake. Wakalipandisha kwenye Fuso. Mbele godoro, nyuma Mkurugenzi, katikati wakafunga miti ili dume lisije likamkanyaga. Agustino alikuwa ameshafika, sijui nani alimpigia. Alipanga vitu vya dada yake kimyakimya. Hakuna aliyeniuliza mimi mwenye mke wala mimi mwenye dume.

Nikapanda kwenye tairi nikamwambia Gaudensia kwamba madai bado hayajakataliwa rasmi. Alimshika mkono Monica. Akamwambia, "Pole kwa mume wako, mama. Alikuwa mtu mzuri." Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyomsikia akisema tangu siku ile ya mchinjaji, na hayakuelekezwa kwangu.

Fuso likaondoka. Nyumba ni kubwa sana leo.

Ijumaa, 28 Machi

Nimeamka na nguvu mpya. Jana kabla hawajakata kona niliandika namba ya lile Fuso. Kubeba ng'ombe na mgonjwa kwenye gari moja! Nimempigia askari wa barabarani ninayemfahamu nikamtajia kosa, namba na njia waliyopita. Ameniuliza mgonjwa ni nani. Nikasema ni mke wangu. Halafu akauliza namba ya gari langu mimi. Nikamwambia mtandao unasumbua.

Alhamisi, 3 Aprili

Wanawake waliliuza Mkurugenzi kwa mchinjaji yuleyule, baada ya Agustino kumhakikishia kwamba ni zima. Hawakula hata maini. Walimpeleka Gaudensia hospitali kubwa na kumkabidhi Agustino fedha zote, Monica akalala naye huko mpaka siku ya upasuaji.

Nimekwenda kumwona. Daktari wa huko ni mtu wa kukaripia. Mfupa ulikuwa umeshaanza kujiunga vibaya, imewabidi wauvunje upya ndipo waweke vyuma. Amesema angeletwa ndani ya wiki ya kwanza angetembea kama zamani. Sasa mguu utakuwa mfupi na atachechemea maisha yake yote. Akauliza kwa nini mlichelewa. Nilifungua mdomo kueleza habari za bima na mikoa. Gaudensia alikuwa ananitazama. Sikusema. Niliona aibu, na aibu ilinifuata mpaka stendi.

Kwenye basi nilitafakari sana. Nimegundua kosa lilianzia wapi. Ningemchagua marehemu aliyekufa baada ya Agosti.

Jumanne, 8 Aprili

Barua ya kampuni. Hawalipi gari, hawalipi hospitali, na bima imefutwa. Nicodemo amenipa kwa ncha za vidole. Nikamuuliza kampuni nyingine. Akasema kampuni nyingine nazo zina kompyuta. Anayeweza kunikatia atanitoza bei ya dereva mbaya, na hilo ni baada ya kulipa makosa yote ya Singida, Manyoni na Dodoma.

Kulipa! Amekuwa kama Agustino.

Alhamisi, 24 Aprili

Pasaka imepita. Sikukuu nilikula ugali na mlenda peke yangu. Binti yetu Lucia hakuja kutoka shule ya bweni, alikwenda moja kwa moja kwa mjomba wake Agustino, ambako mama yake anajiuguza. Gaudensia anatembea kwa magongo. Nimesikia hajasema lini atarudi nyumbani, lakini hajasema pia kwamba harudi.

Noah imetengenezwa. Fundi ameunyoosha mlango kwa nyundo, unafungwa kwa kamba. Bei ya vitunguu saumu Singida iko juu kuliko wakati wowote. Na mimi sijakaa bure.

Jambo la kwanza. Gaudensia hajawahi kukamatwa na trafiki popote katika nchi hii. Hana kosa hata moja. Gari likiandikwa jina lake na bima ikakatwa kwa wakala wa Babati asiyetujua, tutapata bei ya mtu msafi. Anatakiwa kusaini tu.

Jambo la pili. Juzi stendi ya Mbulu nilimwona trafiki akisimamisha magari, yote, mpaka ya mkaguzi wa elimu. Likaja moja lenye mzee mlemavu mbele, magongo yamechomoza dirishani. Trafiki akapiga saluti, akaliruhusu lipite. Hakuuliza bima, hakuuliza leseni! Nimekaa Noah hii miaka yote bila kujua siri hiyo. Gaudensia akikaa kiti cha mbele, kioo chini, magongo nje yaonekane vizuri, tutafika Dodoma bila kuguswa na mtu.

Nimemtuma Agustino amfikishie mpango. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa amevaa helmeti, akawasha pikipiki, akaondoka. Nachukulia kwamba atafikisha. Simu ya Gaudensia inaita lakini haipokelewi, huenda iko chaji.

Nimefuta kiti cha mbele kwa sabuni. Nimekisogeza mbele kidogo pia, kwa kuwa mguu mmoja sasa hauhitaji nafasi kama zamani. Tunaondoka Jumatatu alfajiri.